Jasho la usiku Mafinga lisifukizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza dawa za asili wa minadani, na sisi wateja wao.

Mafinga mwezi wa saba unajifunika mablanketi mawili na miguu bado haipati joto. Katika baridi hiyo, mwaka jana, baba mdogo alikuwa akiamka saa nane usiku fulana imelowa ya kukamua. Ikabidi alale na nyingine kando ya mto. Muuzaji mmoja akamwambia hilo ni jasho zuri, uchafu unatoka, azidishe nyungu. Majani ya mkaratusi kwetu hayanunuliwi, msitu wote ule wa Sao Hill. Mchaichai uko uani. Kila jioni ikawa sufuria na blanketi kichwani, na wajukuu wawili wenye mafua wakiingizwa humo humo wafukizwe naye. Wiki sita zikapita. Suruali ikawa inafungwa kwa kamba, na kikohozi tulichokisingizia vumbi la mbao kikagoma kuondoka.

Makohozi yalipopimwa, kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi sita na hazilipiwi hata shilingi. Watoto nao ilibidi wapelekwe kupimwa. Hilo la blanketi bado linanikosesha raha.

Sina ugomvi na nyungu, nikibanwa na mafua mimi mwenyewe najifukiza. Lakini nyungu inatoa maji mwilini, vijidudu vya mapafuni haiviondoi. Na jasho lina mambo mengi. Mama anayekaribia kukoma hedhi hulowa usiku bila ugonjwa wowote. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutoka jasho, moyo unamwenda mbio, anakula vizuri na bado anakonda. Anayemeza vidonge vya kisukari akaongeza na uwatu, kisha akatoka jasho la baridi huku anatetemeka, huenda sukari imeshuka: mpeni chai ya sukari upesi, blanketi liacheni.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mnadani, kabla ya kumfungia mteja majani yake, mwulizeni anakohoa tangu lini. Zikitimia wiki mbili, mwonyesheni njia ya zahanati. Hela ya majani ataileta mnada ujao.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa