Usimpe Fundi Hela Kwanza

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Mpendwa Rehema,

Mwangaluka! Kinyamwezi chote ulichonifundisha kimebaki hicho. Sisi wazima, bibi anaendelea na kiuno chake, Zawadi kang'oka meno mawili ya mbele sasa akiongea anapiga mluzi. Nilinuia kukuandikia tangu mvua zilipoanza, uvivu tu. Ila leo Mama Shukuru kaniambia zamu yako ya kikoba imefika, na hela yote unampa fundi akufungie mabomba na pampu uoteshe mboga bila udongo. Nimeacha vyombo havijaoshwa.

Usimpe. Walau soma kwanza.

Mabomba yale yanapendeza, sikatai. Lakini maji yake yanapita mizizini kama utepe mwembamba, pampu ikizimika hakuna akiba. Na jua la Tabora la mwezi wa kumi unalijua. Umeme ukatike saa nne wewe uko kazini, jioni unakuta saladi imelala kama tambara la deki.

Mimi nina ndoo tu. Mbili za lita 20 zilizokuwa na mawese, nilizisugua kwa majivu mpaka bega likauma. Mifuniko nimeitoboa, nikachomeka vikombe vya mtindi vyenye matundu, ndani kokoto na mche. Ndoo ina maji yenye mbolea, pampu hakuna. Wanaiita njia ya Kratky, jina la mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na ile nafasi inayobaki juu ndimo mizizi inamopumulia.

Sasa mimi na ujuaji wangu, kila asubuhi najaza mpaka juu kama mtungi wa bibi! Mizizi iliyozoea hewa ikazama, chainizi tatu zikafa. Nikalaumu mbegu. Nikamlaumu na Zawadi, maskini.

Awamu ya pili ndiyo iliyonitesa. Majani machanga yakawa manjano, mishipa tu imebaki kijani. Nikaongeza mbolea, yakazidi. Kumbe tatizo ni maji yenyewe: bomba letu linatoka ziwani, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya Ziwa Tanganyika ni karibu 9, wakati mboga hizi zinataka 5.5 mpaka 6.5. Madini ya chuma yamo ndani ya ndoo ila mizizi haiwezi kuyachukua. Ni kama mtoto anaumwa koo, wewe unamwongezea ugali. Siku hizi nakinga ya mvua kwenye bati. Ikikosekana nakamulia ndimu, lakini pH inashuka siku chache halafu inapanda tena, kwa hiyo lazima upimepime.

Ndiyo maana nakuuliza maji, sikuulizi mabomba. Shemeji naye alitaka nitie urea ya shambani. Nikamwambia hiyo inategemea vijidudu vya udongo viigeuze, kwenye ndoo utawatoa wapi? Nunua mbolea ya kuyeyusha ya sehemu mbili, A na B, na usizichanganye zikiwa nzito, zinagandana unga mweupe kama chokaa. Tia moja kwanza kwenye maji mengi ya ndoo, ikishayeyuka ndipo utie ya pili.

Ndoo iweke kivulini na uivishe gunia, mwanga ukipenya maji yanaota ukijani. Na matundu yote yazibe! Mimi niliacha moja, nikawa nafuga mbu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, halafu nalalamika neti imechanika.

Haya niambie: maji yenu sasa ni ya Ziwa Victoria au bado unachota kisimani? Umeyapima? Mwenye nyumba anajua? Mboga za kula au unataka kuuza, maana kama ni kuuza hesabu inabadilika, na ndoo zangu mbili hazitoshi hata mchuzi wa bibi. Na duka la pembejeo la kule sokoni bado lina karatasi za kupimia pH? Hapa nimezikosa. Ukizipata mpe yule kijana wa treni, nami nitamrudisha na dagaa, safari hii wakavu kweli, usianze. Je, yule wa Ipuli bado anakupigia au ndiyo basi tena?

Fundi anakuja lini? Nipigie kabla hajafika.

Wako,
Mwajuma