Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Michoro na Hadithi Katika Kufundisha Kufikiri

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Semina zilifanyika, masomo ya mfano yalifundishwa, kadi ziligawiwa, hesabu zilikaguliwa. Anayetaka undani amwone katibu.

Linalohitaji maelezo yangu ni uamuzi wa kamati tendaji kuacha kuchapisha kijitabu cha michoro minane ya kupanga fikra darasani na kubaki na mitatu. Minong'ono imenifikia, na wapo wanaouita uamuzi wa mwenyekiti. Hoja niliileta mimi na bado naisimamia.

Michoro minane ya David Hyerle, mwalimu wa Marekani, ya tangu 1988, ni mizuri na kila mmoja una kazi yake: upo wa kulinganisha, upo wa kupanga makundi, upo wa mtiririko wa matukio. Tatizo ni namna ilivyotumika kwetu. Mwalimu aliyebebeshwa yote minane kwa muhula mmoja aliishia kufundisha majina na maumbo. Wanafunzi walichora miduara kwa vifuniko vya chupa, dakika 40 zikaisha mchoro umependeza na mjadala haujaanza. Maswali ya "taja aina nane za michoro" yakaanza kutungwa. Hizo si fikra tunduizi, yaani kuhoji na kupima hoja, zinazotakiwa na mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutekelezwa Januari 2024.

Mitatu tuliyobaki nayo imetokana na kazi ya Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli: tawi la sababu na matokeo, wingu la mgogoro (matakwa mawili yanayogongana), na mti wa lengo (vikwazo na hatua za kulifikia lengo). Tawi husomwa kwa sauti, "kama... na... basi...". Wingu husomwa, "ili... ni lazima... kwa sababu...". Sentensi isiposomeka, kasoro inasikika papo hapo, hata kwa mtoto wa Darasa la Tatu. Duara lenye maneno matano ndani yake halimsuti mtu.

Kwa ambao hawakufika kwenye somo la mfano, wingu tulilifundisha hivi kwa hadithi ya Kima na Papa. Simulia mpaka katikati ya bahari, Kima yuko mgongoni kwa Papa, na sultani wa kina Papa ni mgonjwa anayesubiri moyo wa kima. Simama hapo, usimalizie. Manila moja ukiikunja katikati mara nne na kuikata kwenye mikunjo unapata vipande 16: kadi tano kwa kila kikundi, vikundi vitatu, na kipande kimoja cha akiba. Waandike kwa penseli ili waweze kufuta.

Waanze na kadi mbili za kulia, yaani matakwa yanayogongana: Papa ampeleke Kima, Papa asimpeleke. Kisha mbili za katikati, mahitaji: sultani apone, urafiki usivunjike. Mwisho ile ya kushoto, lengo linalobeba yote mawili: Papa aishi kwa amani na wenzake. Sasa wasome kutoka kushoto: "Ili sultani apone, ni lazima Papa ampeleke Kima, kwa sababu..." Somo lenyewe liko kwenye hiyo "kwa sababu". Moyo wa kima ndiyo dawa pekee? Nani kathibitisha? Kima hawezi kushirikishwa kutafuta dawa nyingine? Sababu itakayoanguka ndiyo inayofungua njia ya tatu. Ndipo umalizie hadithi, nao wapime ujanja wa Kima kwa majibu yao.

Kosa linalojirudia ni kuandika matakwa kwenye kadi ya hitaji. Kipimo chake ni hiki: hitaji hufikiwa kwa njia zaidi ya moja. "Kima atolewe moyo" halijapita. "Sultani apone" limepita. Kosa la pili ni la mwalimu anayejaza kadi mwenyewe muda ukimbana. Kipindi kikiisha kuna kadi tatu za wanafunzi, ni kheri kuliko tano za mwalimu.

Sasa niseme wazi. Kati ya wanachama 64, siku ya uamuzi tulikuwa 23, na akidi ilitimia kikatiba. Wengi wanaolalamika leo hawakuwepo, wala hawakutuma udhuru. Mahudhurio hupanda siku yenye posho na kushuka siku ya kazi. Linaniumiza, kwa sababu kuongoza wingu hakusomwi kwenye karatasi. Lazima uone mwenzako akiliongoza.

Ada ni hivyo hivyo. Waliolipa shilingi 15,000 ni 26, jumla 390,000. Wanaodaiwa ni 38, jumla 570,000. Matumizi ya manila, kalamu na nauli za wawezeshaji ni 365,000, salio 25,000. Kijitabu kingechapishwa, tungefunga mwaka na deni.

Mwakani tunatarajia, Mungu akitujalia, kuzifikia shule nyingi zaidi na kukusanya ngano za kila eneo zinazofaa kwa tawi na wingu. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla hatujaondoka ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti