Maji yasiishe kabla ya wakimbiaji

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikimbia marathoni yangu ya kwanza, kilomita 42.195, bega kwa bega na baba yangu mwenye miaka 63. Hadi kilomita ya 30 yeye ndiye aliyekuwa akinizuia: "Punguza, mwanangu, mbio bado." Kisha nguvu zikaniishia, miguu ikawa magogo, tukawa tunatembea kidogo, tunakimbia kidogo. Kilomita ya 35 tukakuta meza ya maji tupu, vikombe vimetapakaa chini, na muda rasmi ulikuwa haujaisha! Baba akanigawia mafunda mawili ya chupa yake. Waandaaji, wa mwisho ndio wanaokaa juani muda mrefu zaidi, wawekeeni maji.

Tulimaliza kwa saa 5 na dakika 48, baba akinitangulia hatua moja. Makusudi, namjua.

Msomaji wenu