Kigoda cha dawa za usingizi kwa wajawazito si anasa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nikiwa mkunga kijana na sijawahi kuwaandikia. Naandika leo kwa sababu ya mchangiaji wenu aliyetoa maoni juu ya ile taarifa ya chuo kikuu cha Marekani kilichopata fedha za kugharimia daima kigoda cha uprofesa, yaani nafasi ya kudumu ya profesa, wa dawa za usingizi na ganzi zitumikazo kwa wajawazito wakati wa upasuaji na kujifungua. Aliandika kwamba hiyo ni anasa ya matajiri, na kwamba Uganda inahitaji majengo, vitanda na magari ya wagonjwa kabla ya kuanza kufikiria maprofesa. Kwa heshima zote, amekosea, na kosa hilo limewagharimu akina mama wa nchi hii kwa muda mrefu mno.

Kwanza aelewe fedha za namna hiyo zinavyofanya kazi. Kigoda cha wakfu hakitegemei bajeti ya mwaka wala mradi wa wafadhili unaofungwa pale watu wanapoanza kuuzoea. Mtaji huwekezwa na hauguswi. Sehemu ya faida hulipa mshahara wa profesa, utafiti wake na wanafunzi wake, na sehemu nyingine hurudishwa ndani ili mfumuko wa bei usiumege mtaji. Ni kama msikiti unaoendeshwa kwa kodi ya duka la wakfu: duka haliuzwi, hata mwaka ambao paa linavuja.

Nitaeleza tukio moja nililolishuhudia nikiwa kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku huo tulikuwa na vyumba viwili vya upasuaji na afisa mmoja tu wa dawa za usingizi. Alimchoma mama mmoja ganzi ya mgongo tayari kwa upasuaji wa kujifungua, na kabla daktari hajapasua akaitwa mbio chumba cha pili, ambako mgonjwa mwingine, aliyekuwa ameachiwa mwanafunzi, alikuwa ameanza kubadilika rangi. Yule mama alibaki amelala chali. Kila aliyesomea kazi hii anajua kwamba ganzi ya mgongo hulegeza mishipa na kushusha shinikizo la damu, na kwamba mjamzito akilala chali uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, hivyo mambo hayo mawili yakikutana mama anaweza kufa pamoja na mtoto wake kabla kisu hakijamgusa. Aliniambia anasikia kichefuchefu, kisha akasema haoni vizuri, kisha akanyamaza. Nilimsukumia shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia, nikafungulia dripu yote, nikamtuma mhudumu wa usafi amkimbilie afisa, naye akaja akitokwa jasho na kumpa efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu. Mama na mtoto walipona. Kesho yake hapakuwa na kikao wala ripoti, na hakuna mkubwa aliyeuliza lolote. Nilipomuuliza yule afisa ni lini mara ya mwisho alifundishwa jambo jipya kuhusu wajawazito, alinijibu kwamba tangu amalize chuo hajawahi kuja mtu yeyote kumtazama akifanya kazi. Simlaumu hata kidogo. Nawalaumu wote waliokata utepe mbele ya vyumba vile viwili bila kujiuliza ni nani atakayesimama kichwani mwa mgonjwa, na nawalaumu wanaoendelea kuandika magazetini kwamba jengo litangulie na mwalimu afuate.

Wala hili si tatizo la hospitali moja. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoa dawa za usingizi hapa Uganda, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba ni asilimia 6 tu kati yao waliokuwa na vifaa vya kumhudumia kwa usalama mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua. Nakubali kwamba mengi yamesogea tangu wakati huo. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 336 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka 2016, na 189 mwaka 2022. Lakini kila mama aliyekufa ana jina, na Mahakama ya Katiba ilikwisha kutamka Agosti 2020 kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki za wanawake.

Na kwa kuwa nimegusa habari ya utepe, niseme pia juu ya mashine za kutolea dawa za usingizi tunazoletewa kama msaada. Nimeziona zikikaa stoo zikiwa bado na nailoni zake, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya hospitali yenye oksijeni ya bomba na umeme usiokatika. Mchangiaji wenu angefanya vizuri kujua historia ya mashine iliyotufaa kweli. Mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpata profesa wake wa kwanza wa dawa za usingizi, Robert Macintosh, kwa fedha za Lord Nuffield, mtengenezaji wa magari, aliyeshikilia kigoda hicho kiwepo ingawa wakubwa wa chuo hawakukitaka. Idara hiyo ndiyo iliyotoa mashine ya EMO, inayofanya kazi kwa hewa ya kawaida ya chumbani bila mtungi wa gesi, nayo ikasambaa katika hospitali nyingi za wilaya barani Afrika. Na alama za Apgar za kupima hali ya mtoto mchanga, ambazo kila mkunga wa Uganda huandika dakika ya kwanza na ya tano baada ya mtoto kuzaliwa, zilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, profesa wa dawa za usingizi mjini New York, aliyekuwa ameamua kushughulikia wajawazito. Je, hiyo nayo ni anasa?

Wala sisi si wageni katika jambo hili. Mwaka 1879, kule Kahura katika Bunyoro, magharibi mwa nchi hii, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama kumtoa mtoto, baada ya kumnywesha pombe ya ndizi ili kupunguza maumivu, na kuitumia pombe hiyo hiyo kuoshea mikono na tumbo. Mama alipona.

Basi napendekeza hivi. Kigoda kianzishwe Makerere, ambako udaktari umefundishwa tangu 1924, na kiitwe Kigoda cha Kahura, kisipewe jina la mwanasiasa wala la kampuni. Makampuni ya simu, mabenki na viwanda vya sukari vichangie, na serikali iongeze shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa. Mtaji uwekwe katika hati fungani za serikali za muda mrefu, chini ya wadhamini wasioteuliwa na waziri. Profesa alazimike kwa mkataba kukaa wiki moja ya kila mwezi nje ya Kampala, akianzia Arua, Soroti, Kabale na Fort Portal, ndani ya vyumba vya upasuaji vya vituo vya afya vya ngazi ya nne na si katika kumbi za hoteli, akiwafundisha maafisa pale pale wanapofanyia kazi, usiku ukiwemo. Kamati ya kumchagua iwe na mkunga mmoja mwenye kura kamili. Nalo gazeti lenu lichapishe kila robo mwaka kiasi cha mtaji, faida iliyotumika na idadi ya maafisa waliofundishwa, katika ukurasa ule ule aliopewa mchangiaji wenu. Mkikubali hilo, mchango wangu kutoka katika kiinua mgongo uko tayari.

Mkunga mstaafu,
Arua