Kwa mdogo wangu aliyeniuliza, "Wanalipa ngapi?"

Mdogo wangu,

Ujumbe wako ulinikuta nimeshajifunika blanketi: "Dada, hiyo ya kujitolea AFCON wanalipa ngapi?" Sikukujibu usiku ule. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza, na kadiri 2027 inavyokaribia, Kenya, Tanzania na Uganda zikijiandaa kupokea Kombe la Mataifa ya Afrika, mtazidi kuwa wengi.

Hawalipi. Utapata sare, chakula, na pengine nauli. Hiyo "pengine" ipigie mstari. Sisi tuliojitolea 2017 tuliahidiwa nauli kila jioni, ikaja baada ya miezi miwili, tena nusu, na wakati huo nilikuwa nimeshamkopa shangazi hadi akaacha kupokea simu zangu. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, piga hesabu ya nauli ya matatu, kwenda na kurudi. Usisahau kwamba mechi za usiku zikiisha makanga hupandisha bei wanavyotaka, nawe utakuwa mtu wa mwisho kutoka uwanjani.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ilikuwa Julai 2017, tarehe 12 hadi 16, mashindano ya dunia ya riadha kwa vijana wasiozidi miaka 17, pale uwanja wa Kasarani, Nairobi. Uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 8, na Thika Road yote ilikuwa mabango ya wanasiasa. Marekani, Uingereza na Australia ni kati ya nchi zilizokataa kuleta timu, zikitaja usalama. Baba akasema, "Unaenda kujitolea kwenye mashindano ambayo wenyewe wanayakimbia?" Nikaenda.

Kwenye fomu nilijaza kuwa naongea Kifaransa. Nilijiona nikitafsiri kwenye mikutano ya waandishi wa habari, kitambulisho kikining'inia shingoni. Nikapewa kapu.

Ndiyo, kapu. La plastiki, limebandikwa namba ya leni. Umewahi kuona kwenye runinga wanariadha wakivua suruali za mazoezi kabla ya mbio? Zile nguo haziokotwi na malaika. Nyuma ya kila mkimbiaji anasimama mtu na kapu. Anapokea nguo, chupa ya maji, wakati mwingine hirizi, kisha wote wanageuka kwa amri moja na kuondoka kwa mstari kama watoto wa chekechea, kuelekea kule wakimbiaji watakakotokea wakimaliza. Maana yake, bastola inapolia wewe umeshaupa uwanja mgongo. Siku tano nilikuwa hatua chache kutoka kwa vijana wenye kasi kuliko wote wa rika lao duniani, na mbio nilizisikia tu. Mwishowe nilijua hata kwa sauti: Mkenya akiwa mbele, kelele huanza upande mmoja na kuzunguka uwanja pamoja naye.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba George Manangoi ameshinda mita 1500. Nilikuwa kwenye njia ya chini kwa chini, nimekumbatia soksi za mtu.

Lakini kuna mmoja nataka nikusimulie. Mchujo wa asubuhi, leni ya sita, kijana mwembamba kutoka nchi ya visiwa. Alikuja na kiatu chake cha misumari kimefungwa fundo, na mikono ikamtetemeka asiweze kulifungua. Tulikuwa tumeonywa mara tatu: usimguse mwanariadha, usimsemeshe asipokusemesha. Akaniangalia. Nikaweka kapu chini, nikapiga magoti, nikalifungua lile fundo kwa meno.

Kwa meno, mdogo wangu! Kucha zilikuwa zimekataa.

Msimamizi wangu alinifokea mbele ya watu hadi machozi yakanilenga. Kijana alimaliza wa mwisho, mbali sana. Alipofika kuchukua vitu vyake alivaa taratibu, akanipa mkono kama mtu mzima anayeaga msibani, akaenda zake. Jina lake sikulishika.

Siku ya mwisho Kasarani ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Wale waliosema uwanja utakuwa mtupu sikuwaona, au labda walikuwepo nao wakipiga vuvuzela.

Sasa, wewe utakuwa kwenye mpira, na mpira si riadha. Kuna uwezekano mkubwa utapangwa mlangoni, na hapo nakuomba unisikilize vizuri. Uliona CHAN ya Agosti 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mashabiki walivyosukuma milango hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza tiketi kuwa 27,000 kwa mechi yetu Kenya na Zambia. Msukumo kama ule ukija, wewe si polisi. Una fulana na filimbi tu. Kaa kando, mwite askari, mlango utajengwa upya. Usije ukazuia watu elfu moja kwa kifua chako kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi amekuambia "hakikisha hawapiti".

Na akitokea wa kukuambia kwamba ukijitolea vizuri kuna kazi baadaye, muulize ni kazi gani na nani ataiandika kwenye karatasi. Wenzangu wawili nawajua walipata kazi kupitia watu waliokutana nao pale. Wengine tulirudi kutafuta kazi na cheti kilichoandikwa jina vibaya. Changu mimi kina herufi moja ya ziada, na nimekiweka kwenye fremu hivyo hivyo.

Nenda. Ningekuwa na umri wako ningejaza fomu kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ila usinunue viatu vipya. Siku ya pili utachechemea. Raba zangu za Kasarani ziko kwa mama, chini ya kitanda cha chumba cha wageni, ndani ya mfuko wa unga. Ni namba 39. Jaribu kwanza hiyo ya kushoto, ndiyo iliyokuwa ikinibana.

Dada yako