Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mbwa Wazee na Wazee Wetu

Ndugu wanachama, kina mama na kina baba,

Mweka hazina atasoma hesabu, na katibu anayo orodha ya mbwa waliotoka na waliorudi, kwa hivyo tarakimu nawaachia wao. Mimi nitasema yaliyoninyima usingizi mwaka huu katika kazi ya chama chetu ya kuwapeleka mbwa na paka wazee wakaishi na wazee wetu.

Mnajua hali ilivyo hapa Mombasa. Anayetafuta mbwa anataka kitoto akilee mwenyewe, au anataka mkali wa kukaa getini. Mbwa wa miaka minane, mvi mdomoni na ukungu machoni, hana soko. Wenyewe wakihamia fleti, huyo ndiye anayebaki nyuma akilinda nyumba isiyo na watu. Lakini mbwa huyo hatafuni viatu, ameshajua kwenda nje kujisaidia, na mchana kutwa hulala karibu na miguu ya mtu. Mzee wa miaka 75 anataka nini zaidi ya hapo?

Sasa niungame. Kuna bibi wa Tudor niliyempelekea dume mmoja kwa sababu nilimwona mdomo mweupe nikasema huyu keshazeeka. Mvi za mbwa hudanganya. Wengine huzitoa wakiwa bado vijana. Daktari wa mifugo alipomtazama meno baadaye, alituambia hajafika hata miaka mitano. Asubuhi ya tatu mbwa huyo akaona paka juu ya ukuta. Bibi alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara mbili, akaenda nayo hadi chini, akavunjika kifundo cha mkono. Kosa ni langu, si la kamati. Tangu siku hiyo mbwa hatoki kabla daktari hajamtazama meno, na kabla mmoja wetu hajamtembeza wiki nzima barabarani penye paka, boda boda na watoto. Na kila mzee tunamfundisha: kamba hushikwa tu kiganjani, mbwa akivuta kwa nguvu, iache iende. Mbwa tutamtafuta. Nyonga ya mzee ikivunjika hatuna pa kuitafuta nyingine.

La pili ni zito zaidi. Mzee wetu mmoja wa Changamwe alizidiwa usiku, majirani wakamkimbiza hospitali. Watoto wake mmoja yuko Nairobi, mwingine Ughaibuni. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna mbwa amefungwa. Kaskazi ilikuwa imekaza, jua lile mnalolijua. Aliyemwokoa ni kijana wa mkokoteni anayeuza maji: alimsikia akikoroma badala ya kubweka, akaingia, akakata mtungi wa zamani akamnywesha. Siku mbili zilikuwa zimepita. Mbwa alipona, na mzee alirudi. Lakini sisi tuliompeleka tulikuwa wapi?

Ndiyo maana nasimama na jambo moja mwaka huu: kila nyumba iwe na mtu wa pili. Jirani, mjukuu, hata mwenye kioski cha mbele, mradi ana ufunguo na amekubali kwa mdomo wake mbele yetu. Fomu tuliyokuwa nayo iliuliza kama mzee anapenda wanyama, jambo ambalo halina maana kubwa. Swali la kuuliza ni nani atamchukua mbwa siku mzee akilazwa, na siku akitutoka. Wengine katika kamati waliona ni utovu wa adabu kumuuliza mzee habari ya kifo chake. Mimi nimewauliza wengi, na hawakukasirika. Wao wameshalifikiria kabla yetu. Na akikosekana mtu kabisa, mbwa anarudi chamani. Hilo liandikwe.

Dawa nazo. Mzee mmoja alikuwa akimkatia mbwa wake nusu ya kidonge chake cha magoti, eti sote wawili tuna magoti mabovu. Ni huruma, lakini diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo. Mbwa huyu alianza kuharisha kinyesi cheusi kama lami. Wale mliochukua paka, kidonge kimoja cha Panadol kinatosha kumuua. Mnyama akichechemea tupigieni simu. Matibabu na chanjo ni juu ya chama, kwa sababu mzee anayetegemea zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, hawezi kuchagua kati ya unga na daktari. Chakula tumewaachia wenyewe. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miba, pamoja na sima, mbwa hushiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape.

Kuna walioniuliza kwa nini Mji wa Kale tunapeleka paka tu. Huko nyumba zinashikana, maji ya kutawadhia yako uani, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akipita kwa jirani ni ugomvi, na anayeumia ni mzee. Paka mzee anakaa barazani bila kumuudhi mtu. Sioni kwamba tumepungukiwa kitu.

Kichaa cha mbwa: uzee si kinga. Chanjo ni kila mwaka, hata kama mbwa hatoki nje. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Tulirudia haya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na bado nimesikia mtu akisifu kupaka jeraha pilipili.

Mwisho, kwangu Mtopanga yuko jike la rangi ya udongo, meno ya mbele yamebaki mawili, sikio moja halisikii. Anahitaji nyumba isiyo na ngazi na mtu anayeamka alfajiri, maana hutaka kutembea kabla lami haijapata moto. Anayemjua mzee wa namna hiyo anione wakati wa chai, na aje na jina la mtu wa pili.