Obama alikuwa seneta mara mbili, si mara moja

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha wasifu mfupi wa Barack Obama, ulionukuliwa kutoka kamusi elezo moja ya mtandaoni. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Alikuwa Seneta wa Illinois tangu 1997 hadi 2008, kisha akawa Rais wa Marekani." Naomba nafasi niieleze, kwa sababu nimefundisha Historia na Serikali kwa miaka 31, na tangu nistaafu jioni zangu nyingi huishia kwenye kurekebisha makala za Kiswahili za kamusi elezo hiyo hiyo. Kosa hili basi ni letu sisi wahariri wa kujitolea kabla halijawa lenu.

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeisoma kwa sauti, gazeti likiwa limetandazwa mezani. Akaniuliza, "Babu, seneta wa Illinois ni kama seneta wa Siaya?" Nilitaka kusema ndiyo, nikasita. Tangu 2013 seneta wetu hapa Kenya huchaguliwa na kaunti na huketi Nairobi, katika bunge la taifa. Marekani ina maseneta wa namna hiyo, wawili kwa kila jimbo, nao huketi Washington. Lakini Illinois ina Seneti yake yenyewe katika mji wake mkuu, Springfield, yenye viti 59. Obama aliingia hiyo ya Springfield Januari 1997, akiwakilisha wilaya ya 13 ya upande wa kusini wa Chicago, na akatoka Novemba 2004. Ile ya Washington aliingia Januari 2005. Ni mabunge mawili tofauti, na sentensi yetu imeyashona kuwa moja.

Nadhani neno "jimbo" nalo linachangia. Mtanzania akisoma "mbunge wa jimbo" anamwona mbunge wa eneo fulani la uchaguzi anayekwenda Dodoma. Mkenya anakumbuka siasa za majimbo za 1963, au analinganisha na kaunti. Illinois si kaunti. Ina katiba yake, gavana wake, mahakama yake ya juu, na kesi nyingi za mauaji huko huendeshwa kwa sheria zilizotungwa Springfield. Bunge la kaunti hapa kwetu haliwezi kugusa sheria ya mauaji hata kwa mbali. Msomaji asipoambiwa hayo, atadhani miaka minane ya Springfield ilikuwa ya kupitisha ada za soko.

Nichukue jambo moja tu. Kufikia mwaka 2000, Illinois ilikuwa imewaua watu 12 kwa hukumu ya mahakama tangu adhabu ya kifo irejeshwe 1977. Katika kipindi hicho hicho watu 13 waliohukumiwa kifo walibainika hawakustahili kuwa kwenye orodha ya wanaosubiri kuuawa. Kumi na watatu kwa kumi na wawili! Gavana George Ryan, mtu wa chama cha Republican aliyekuwa akiiunga mkono adhabu hiyo, alisimamisha utekelezaji wake Januari mwaka huo. Baadhi ya waliookoka walikuwa wamefungwa kwa maungamo waliyotoa wakiwa peke yao na polisi, mlango umefungwa, bila shahidi. Obama akasimamia mswada wa kuwataka polisi warekodi mahojiano yote ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka walipinga, na gavana mpya, Rod Blagojevich, hapo mwanzo hakuutaka. Obama alikaa nao wote, kikao baada ya kikao, hadi mswada ukapita katika Seneti bila kura ya kupinga. Gavana akautia saini 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuagiza jambo hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake.

Hakuna neno hata moja la hayo katika wasifu mliochapisha. Kuna Kogelo, kijiji cha baba yake, kuna bibi yake wa huko, kuna hotuba ya Boston ya 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic. Nampenda bibi kama anavyopendwa na kila mtu wa huku, na sisemi aondolewe. Nasema kijana wetu anayetaka kuingia siasa ana haki ya kujua kwamba kabla ya hotuba kulikuwa na vikao.

Ana haki pia ya kujua yasiyopendeza, na hapa nakiri kwamba wahariri wenzangu tumetofautiana. Wengine wanaona tukiyaweka tunamchafulia jina mtoto wa kwetu. Siafiki. Kiti chake cha Springfield kilikuwa kwanza cha Alice Palmer, aliyekiacha ili agombee ubunge wa Washington. Aliposhindwa akataka kurudi. Watu wa Obama walikwenda kukagua saini za wadhamini wake moja moja. Zilihitajika saini halali 757, na walipomaliza zilizobaki hazikutosha. Palmer akajitoa, wapinzani wengine watatu wakaenguliwa kwa njia hiyo hiyo, na Obama akaingia kura ya mchujo ya Democratic ya 1996 akiwa peke yake. Sheria iliruhusu, lakini kupendeza hakukupendeza. Kisha mwaka 2000 aligombea ubunge wa taifa dhidi ya Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, na kushindwa vibaya, Rush akipata kura mara mbili ya zake. Wasifu unaoruka kushindwa huko hausemi kweli juu ya mtu.

Kuna na kura za "nipo". Springfield seneta ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na nipo. Kwa kuwa mswada huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, anayebonyeza nipo anauumiza mswada sawa na aliyesema hapana, ila jina lake halisomeki kwenye safu ya wapinzani. Obama alibonyeza nipo mara zipatazo 129, kati ya kura kama 4,000 alizopiga kwa miaka yote ile. Hillary Clinton alimshambulia kwa hilo katika kampeni za 2008, akidai ni kukwepa. Waliomtetea walisema ni mbinu ya kawaida ya bunge lile, mara nyingine ikipangwa na chama kizima. Kazi ya kamusi elezo ni kuziweka hoja zote mbili pamoja na hesabu yenyewe, msomaji akaamua. Aliyeandika "alikuwa mwoga" amekosea sawasawa na aliyefuta sehemu nzima.

Mimi na vijana wawili niliowafundisha tumetumia likizo ya Agosti kuiandika upya sehemu hiyo. Kila tarehe tumeitafutia chanzo kinachosomeka, na kumbukumbu za mijadala ya Seneti ya Illinois zinapatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti na subira. Tulifuta sifa zote zisizo na mwenyewe: "mashuhuri", "mwenye kipaji cha pekee", "kipenzi cha watu". Aya ikapungua maneno lakini ikaongezeka habari. Jina la cheo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Mwishowe tulikubaliana kuandika "mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois" kwa Springfield, na "seneta katika Bunge la Marekani" kwa Washington, bila kufupisha popote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tafadhali sahihisha sentensi ile katika toleo lijalo, kwa herufi za ukubwa uleule na katika ukurasa uleule, kwa sababu mjukuu wangu si peke yake aliyeikata na kuibandika kwenye daftari. Naomba isomeke hivi: "Alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois, mjini Springfield, tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004. Kuanzia Januari 2005 alikuwa mmoja wa maseneta wawili wa Illinois katika Bunge la Marekani, hadi alipojiuzulu Novemba 2008 baada ya kuchaguliwa kuwa Rais."

Mwalimu mstaafu,
Kisumu